Hapana, Wamarekani hawakuwa kitu kimoja dhidi ya mfalme

Nasomesha vita vya uhuru vya Marekani, vile vya 1775 hadi 1783, na kuna kauli moja nikiisikia damu inanichemka: "Wamarekani walisimama kama mtu mmoja wakamfukuza Mwingereza." Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu msomi kabisa, alafu akaongeza kwamba wachache waliobaki na mfalme walikuwa matajiri na vibaraka tu waliokuwa wanalinda vyeo vyao. Basi leo naandika yote niliyonayo kifuani.

Hili la vibaraka nilimalize haraka. Nenda King's Mountain, mpakani mwa Carolina mbili, tarehe 7 Oktoba 1780. Watu kama elfu moja wa upande wa mfalme wamezungukwa mlimani, wanapigwa mpaka wanasalimu amri. Mwingereza pale alikuwa nani? Kamanda wao tu, Patrick Ferguson, naye alikuwa Mskoti, na akafia hapohapo. Wengine wote, wa juu ya mlima na wanaoupanda, ni watu wa makoloni, wengi wakulima, na siku chache baadaye washindi wakawanyonga mateka tisa. Ndo ilivyokuwa Kusini kote, jirani anamwinda jirani, na mara nyingi ugomvi wenyewe ulianza kabla hata ya chai ya Waingereza kumwagwa bandarini Boston mwaka 1773, lile tukio maarufu la kupinga kodi. Sasa niambie vyeo gani alikuwa analinda mkulima wa milimani asiye na hata barabara ya kufika kwake.

Ila kinachoniudhi zaidi ni ile hesabu ya theluthi. Yaani theluthi walitaka uhuru, theluthi walikuwa na mfalme, theluthi hawakuwa upande wowote, na eti kasema John Adams mwenyewe, kiongozi wa mapinduzi aliyekuja kuwa rais wa pili. Jamani! Barua inayonukuliwa aliiandika 1815, akiwa na miaka 79, na ukiisoma kuanzia juu badala ya kudokoa ule mstari mmoja utaona anazungumzia jinsi Wamarekani walivyogawanyika kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, mambo ya miaka ya 1790, vita vyao wenyewe vilishaisha zamani. Iko nyingine ya 1813 ambamo kweli anaongelea mapinduzi yao, na humo anasema ukiupa upande wake theluthi mbili ya watu basi umeupa za kutosha. Barua mbili, mada mbili, watu wakazikoroga pamoja wakapata mgawanyo rahisi wa kukaririsha wanafunzi, na unakaririwa mpaka leo.

Makadirio yanayotumika sana sasa hivi ni kwamba Watiifu, yaani waliobaki upande wa mfalme, walikuwa kati ya asilimia 15 na 20 ya wazungu wa makoloni. Nayatumia darasani, lakini huwa nayataja kwa shingo upande. Msingi wake mkubwa ni waliobeba bunduki, kama 19,000 walioandikishwa kwenye vikosi vya mfalme kwa nyakati tofauti, alafu unapiga hesabu ya familia zilizo nyuma yao. Kwa hiyo mke anahesabiwa kwa upande wa mumewe, mtoto wa upande wa babake. Na yule aliyefunga mlango wake, akauza ngano kwa yeyote aliyekuja na pesa taslimu, akakaa kimya miaka minane, huyo hajatuachia kitu cha kutuonyesha moyo wake ulikuwa wapi, na mimi nahisi hao walikuwa wengi kuliko kitabu chochote cha shule kinavyokubali.

Na hata pale penye karatasi, karatasi zenyewe hazitoshi. Chukua New Jersey. Tarehe 30 Novemba 1776 ndugu wawili wa familia ya Howe, jenerali na admirali wa Uingereza, wakatangaza kwamba anayekuja kula kiapo kwa mfalme ndani ya siku 60 anasamehewa. Jeshi la waasi, chini ya jenerali George Washington, lilikuwa linakimbia kuelekea mto Delaware, nguo zimechanika, kila mwenye macho aliona vita vimekwisha. Maelfu wakaenda kuapa wakapewa hati ya ulinzi. Basi mkulima anarudi na karatasi yake mfukoni, kesho yake wanapita askari wa Hesse, Wajerumani waliokodiwa na mfalme, anawaonyesha, wao Kiingereza hawasomi, wanachukua ng'ombe, wanachukua kuku, wanaondoka na blanketi. Na askari wa Kiingereza wanaosoma vizuri tu nao walipora vilevile. Alafu Desemba 26 Washington anavuka mto anawapiga Trenton, Januari 3 anashinda tena Princeton, na Januari 25 anatoa tangazo lake: mwenye hati ya Howe ailete, ale kiapo kwa Marekani ndani ya siku 30, la sivyo ahamie kwa adui. Mtu yuleyule, shamba lilelile, kiapo cha pili ndani ya miezi miwili! Unamwandika upande gani? Nimeona watu wazima wanagombana kuhusu "imani ya kisiasa" ya watu wa aina hii wakati walichokuwa wanatafuta ni kuamka kesho nyumba ikiwa bado ina paa.

Waquaker ndo walibanwa zaidi, maana dini yao inakataza vita na kuapa, kwa hiyo wakaonekana maadui wa kila mtu. Mwaka 1777 Pennsylvania ikawakamata kadhaa, ikawapeleka Virginia bila kesi.

Kuhusu familia, kila mtu anamtaja Benjamin Franklin, aliyekuwa upande wa uhuru, na mwanawe William, gavana wa mfalme New Jersey, na ni kweli inaumiza, William alikuwa kifungoni mkewe akafa 1777 bila kuruhusiwa kumuona. Lakini mimi nataka watu wamjue Grace Galloway wa Philadelphia. Mumewe, Joseph, alikuwa kwenye Kongresi ya kwanza ya 1774, mkutano wa wajumbe wa makoloni, na alileta mpango wa bunge la makoloni chini ya mfalme, ukaangushwa kwa kura 6 kwa 5, kwa hiyo huyu sio mtu aliyeona kila kitu cha Uingereza ni sawa. Waingereza walipouhama mji 1778 akaondoka nao pamoja na binti yao, Grace akabaki. Alibaki sababu ya mali, maana nyingi aliirithi kwa babake, na alitumaini akiwepo mwenyewe hawataigusa. Kisheria mali ya mke iko mikononi mwa mume, na mume keshatangazwa msaliti. Agosti hiyo maofisa wa Pennsylvania waliotumwa kutwaa mali za wasaliti wakaja, wakavunja mlango, yeye akakataa kutoka kwa hiari yake mpaka mmoja wao, Charles Willson Peale, ndio, yule mchoraji maarufu, akamshika mkono akamtoa nje. Tuna shajara yake. Ana hasira na Kongresi, na ana uchungu na mumewe pia. Alikufa 1782 bila kumuona tena binti yake. Orodha za Watiifu zinamweka chini ya jina la Joseph na mambo yamekwisha.

Alafu kuna watu ambao kauli ya "mtu mmoja" inawafuta kabisa. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, akatangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Wa waasi tu, mtumwa wa Mtiifu abaki alipo, na Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa. Huo ulikuwa mkakati wa vita, huruma haikuwemo. Watu walitoroka hata hivyo, maelfu, na mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika, mtumwa wa George Washington pale Mount Vernon, aliyetoroka 1776. Mwaka 1783 jina lake likaandikwa New York kwenye daftari la watu weusi kama 3,000 waliopandishwa meli, na jenerali Guy Carleton wa Uingereza alikataa kuwarudisha ingawa Washington alidai ana kwa ana. Harry akapelekwa Nova Scotia, na 1792 akavuka bahari na wenzake karibu 1,200 kwenda Sierra Leone. Kule kampuni ya Kiingereza ikawatoza kodi ya ardhi ambayo wao waliona hawakukubaliana nayo, wakaasi, na 1800 Harry akahukumiwa kufukuzwa kwenda Bullom, ng'ambo ya mto.

Vitabu vinamwita Mtiifu mweusi. Mimi naona alikuwa mtiifu kwa uhuru wake mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili aliyemzuia alikuwa ana tangazo la uhuru au sheria ya Kiingereza mkononi.