Kura ya maoni: mpiga kura asomewe pendekezo lenyewe

Mkazi wa Tukuyu au Mafinga amezoea karatasi ya kura yenye picha za wagombea na nembo za vyama. Kura ya maoni haina mgombea. Kuna swali moja na majibu mawili, Ndiyo na Hapana, kwa hiyo kinachopigiwa kura ni maneno yaliyoandikwa. Anayetoa elimu kwa umma akileta muhtasari wake badala ya maneno hayo, wananchi watakuwa wameupigia kura muhtasari.

Jambo la kwanza kueleza ni kila jibu linaleta nini kisheria, na hapa ndipo upotoshaji unapoingia kwa urahisi. Tuchukue Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014, iliyopitishwa na Bunge Maalum la Katiba. Kwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, ili ipite ni lazima Ndiyo izidi nusu ya kura Tanzania Bara na izidi nusu Zanzibar pia. Wingi wa upande mmoja hautoshi, hata uwe mkubwa kiasi gani. Hapana ikishinda, Katiba ya mwaka 1977 inaendelea kutumika. Wapo wanaodhani Hapana inairudisha mezani Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, tume iliyokusanya maoni ya wananchi kabla ya Bunge hilo. Hairudishi, na mpiga kura ana haki ya kulijua hilo kabla ya siku yenyewe.

Pili ni nakala. Kenya, mwaka 2010, ziligunduliwa nakala za rasimu ya katiba zilizochapishwa zikiwa na nyongeza ya maneno mawili ya Kiingereza, yenye maana ya usalama wa taifa, katika ibara ya ukomo wa haki. Maneno hayo hayakuwamo katika rasimu iliyopitishwa na Bunge, na yangetosha kuipa serikali sababu mpya ya kubana haki za raia. Kwa hiyo kabla ya kwenda kijijini, linganisha nakala yako na iliyotolewa rasmi: idadi ya ibara, kurasa zote zipo, na ibara zenye ubishi neno kwa neno. Picha ya ibara moja ikizagaa WhatsApp, uliza namba ya ibara, fungua nakala, soma na vifungu vinavyofuata. Mara nyingi sharti linalobadilisha maana limo kwenye kifungu kidogo kilichokatwa.

Katika mkutano wa kijiji, soma kwanza ibara ya katiba inayotumika, kisha ile inayopendekezwa kuchukua nafasi yake, halafu uliza waliohudhuria wanaona nini kimebadilika. Ufafanuzi kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena uje baada ya hapo, si badala ya kusoma. Ibara tatu au nne kwa kikao zinatosha. Ukilazimisha sura nzima, watu watainuka waende shambani, na hawatakuwa na kosa.

Hoja za pande zote mbili zipewe nafasi sawa. Australia, katika kura ya maoni ya Oktoba 2023, kila kaya ilipelekewa kijitabu chenye hoja za Ndiyo na za Hapana, kila upande ukiruhusiwa hadi maneno 2,000. Ni utaratibu wa haki, na hata ubao wa matangazo wa kata unaweza kuufuata: karatasi mbili za ukubwa mmoja, ubavu kwa ubavu.

Muda nao una uzito wake huku kwetu. Kura ya Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa tarehe 30 Aprili 2015; uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, mashine zinazochukua alama za vidole na picha, ulianzia Makambako Februari mwaka huo, na mwanzoni mwa Aprili kura ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji nchini haukuwa umekamilika. Miezi hiyo ni ya mvua. Barabara za Makete, Ludewa na Ileje zinapoharibika, vitabu vya katiba vinaishia kwenye ofisi za kata. Vifike vijijini kabla ya Novemba, mvua hazijaanza.

Mwisho, fundisha alama. Vema moja tu, kwenye kisanduku kimoja. Aliyeweka vema kote kuwili, aliyeacha karatasi tupu na aliyeandika jina lake wote kura zao zinaharibika. Asiyeona na asiyejua kusoma wanaruhusiwa kusaidiwa na mtu waliyemchagua wenyewe; wamtafute mapema, wakubaliane, wasipangiwe msaidizi na mtu mwingine mlangoni.