Pafyumu haiondoi harufu ya sigara garini
Gari lililotumika Japani likishuka bandarini na harufu ya sigara, wengi watakuambia utundike pafyumu kwenye kioo. Utapata harufu mbili badala ya moja. Lami na nikotini ya moshi zimeganda kwenye kitambaa cha dari, viti, mikanda, hata vioo, na joto likipanda zinatoa harufu upya. Ndiyo maana saa saba mchana gari linanuka kuliko alfajiri. Anza na filta ya AC, ambayo mara nyingi imejificha nyuma ya droo ya dashibodi: weka mpya. Futa vioo na plastiki kwa maji yenye siki kidogo, osha viti. Dari usililoweshe, gundi ikiachia, kitambaa kitakuning'inia kichwani.