Umbali wa ndege na muda wa safari: kwa nini kugawanya hakutoshi

Kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi JFK, New York, ni takriban kilomita 5,550. Namba hiyo haibadiliki, kwa sababu ni ya hesabu tu: ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja hivyo viwili. Chukua tufe la dunia, bana uzi kwenye mji mmoja, uvute mpaka ukaze kwenye mji wa pili. Huo ndio umbali. Uhamishie uzi huo kwenye ramani ya ukutani, utaona umepinda kuelekea kaskazini, na abiria wengi hudhani rubani kazunguka. Hajazunguka. Ramani ndiyo iliyolazimisha kitu cha mviringo kuwa bapa.

Marubani wenyewe huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, kwa hiyo wao watakwambia ni kama 3,000.

Muda ni habari nyingine. Ndege kubwa ya abiria hukata anga kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa sita na dakika chache. Mbona basi tiketi inasema karibu saa nane kwenda, na karibu saba kurudi?

Kwanza, muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, siyo inapopaa, na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Kutambaa kuelekea njia ya kurukia na kupanga foleni kumo humo. Pili, na hili ndilo kubwa, kuna upepo. Huko juu, kama kilomita kumi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ilitoka New York ikafika London kwa chini ya saa tano.

Na njia fupi si lazima iwe wazi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka kama saa tisa hadi kumi na tatu. Viwanja havikusogea hata hatua moja.

Kingine kinachochanganya ni kwamba tiketi huandika saa za mji husika. Ukiondoka London 10:00 na kufika New York 13:00, usiseme umesafiri saa tatu. New York kwa kawaida iko nyuma kwa saa tano, ziongeze: ni nane. Kurudi, toa: kuondoka 18:00 na kufika 06:00 kesho yake ni saa saba, siyo kumi na mbili.