Kushuka kidato cha kwanza si uvivu

Kila mwaka, matokeo ya muhula wa kwanza yanapotoka, wazazi hapa Moshi hutuletea walimu wa ushauri na unasihi shauri lile lile: mtoto aliyekuwa miongoni mwa watatu bora darasa la saba sasa ni wa sitini, kwa hiyo amekuwa mvivu au ameingia makundi mabaya, na Mwalimu anaombwa amkemee. Kwa watoto wengi waliotoka shule za msingi za Serikali, maelezo hayo si kweli, na nimechoka kuyasikia.

Mtoto huyo amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu miongoni mwa mengine. Mtihani alioufanya Septemba ulikuwa wa masomo sita, na sehemu kubwa ya maswali ilimtaka achague jibu. Januari anakuta karibu kila kitu, ukiondoa Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, kinafundishwa kwa Kiingereza. Sayansi na Teknolojia aliyoizoea imegawanyika kuwa Biolojia, Kemia na Fizikia, kila moja na mwalimu wake. Na majibu sasa yanatakiwa kwa sentensi zake mwenyewe. Mwambie aeleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, ataeleza vizuri. Mpe swali hilo hilo kwa Kiingereza, ataacha nafasi tupu. Bakora haimwongezei msamiati.

Shule nyingi huanza mwaka kwa kozi ya lugha ya wiki kadhaa ili kulipunguza pengo hilo. Wazazi wengi huichukulia kama muda wa kufagia madarasa, wakamleta mtoto Februari kwa sababu sare haijakamilika au kwa sababu walikuwa bado wanatafuta nafasi shule ya binafsi, kisha Aprili wanashangaa. Wengine, kati ya Septemba na Januari, humlipia masomo ya kujiandaa ambako ananakili mada za kwanza za Fizikia bila kuelewa sentensi hata moja. Fedha hiyo ningeinunulia vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vile vya watoto wadogo kabisa, avisome kwa sauti kila siku na kuandika sentensi tano kuhusu alichosoma. Masomo yakishaanza, amsimulie mama yake somo la siku kwa Kiswahili kabla ya kuandika aya moja ya Kiingereza kuhusu jambo hilo hilo. Mama hahitaji kujua Kiingereza, anahitaji kuuliza maswali mpaka aelewe. Wavivu wapo, lakini waulizeni walimu wao wa msingi: wengi wao walikuwa hivyo tangu darasa la tano.

Dawa nyingine inayopendwa ni kumhamishia mtoto bweni ili anyooke, tena katikati ya mwaka. Bweni humpa ratiba na saa za kujisomea, lakini halimpi lugha, na mtoto aliyekwisha kuvunjika moyo huanza upya kutafuta marafiki kati ya watu wasiomjua. Msubirini angalau mpaka katikati ya kidato cha pili.

Msisubiri zaidi ya hapo, kwa sababu upimaji wa kidato cha pili si mazoezi kama wengi wanavyodhani. Asiyefikia ufaulu hurudia kidato.

Kuhusu binti aliyejifungua, ambaye familia nyingi bado huamini kuwa masomo yake yameisha: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi shuleni.

Imani ya mwisho huja baada ya kidato cha nne, kwamba asiyekwenda kidato cha tano ameanguka. Chuo cha Ufundi Arusha hupokea wahitimu wa kidato cha nne moja kwa moja kwa stashahada, na mwenye stashahada nzuri huweza kuomba shahada ya uhandisi. Kijana anayependa mashine na mwenye alama za kutosha katika Hisabati na Fizikia ningemshauri aifikirie njia hiyo hata kama amechaguliwa kidato cha tano. Ila maombi ya vyuo yana msimu wake, na wazazi wengi huanza kuniuliza dirisha likiwa limekwisha kufungwa.