Mmoja akikutwa na TB, nyumba nzima ichunguzwe

Mtu akianzishiwa dawa za kifua kikuu, iwe Tandahimba au Ruangwa, kazi inahamia nyumbani kwake. Kila aliyelala naye nyumba moja hata usiku mmoja, au aliyeshinda naye ndani mara kwa mara, katika miezi 3 kabla ya dawa kuanza, anatakiwa kuchunguzwa.

Kinachoharibika kwanza ni orodha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaandika aliowakuta, ilhali msimu wa korosho nusu ya familia imehamia shambani. Ni bora kuuliza: “Katika miezi 3 kabla ya dawa kuanza, nani na nani wamelala au kushinda hapa?” Bibi aliyekuja kuuguza aandikwe, na mjukuu aliyekwisha kurudi kwa mama yake Nachingwea aandikwe pia.

Kwa waliokaa na mgonjwa, usisubiri kikohozi kitimize wiki 2. Kikohozi chochote, homa, jasho la usiku au kukonda kunatosha kumpeleka mtu kupimwa. Msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya salfa wengi husema, “Ni salfa tu hii.” Kweli salfa inawasha koo na kifua, lakini haimkondeshi mtu wala haimloweshi shuka usiku.

Makohozi yatolewe asubuhi kabla ya kula. Sukutua kwa maji, toka nje mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Yanahitajika makohozi mazito, karibu kijiko kimoja cha chai. Ukitema mate mepesi yenye povu, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, maana vifuniko huchanganyika maabara.

Mtoto mdogo hawezi kutema, na hapo ndipo wengi hurudishwa nyumbani bila kipimo. Isiwe hivyo. Choo chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutambua vimelea vya TB, na kadi ya kliniki iangaliwe: uzito usiopanda ni dalili.

Asiyekutwa na ugonjwa apewe dawa kinga, kwa kutangulizwa watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU. Vimelea hukaa kimya mwilini, na wengi wanaougua huugua ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Chanjo ya BCG humkinga mtoto na TB kali kama ya ubongo, lakini haichukui nafasi ya dawa hizi. Ipo isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na ipo isoniazidi pamoja na rifapentini, mara 1 kwa wiki kwa wiki 12. Lazima TB iondolewe shaka kwanza, kwani mwenye ugonjwa akipewa dawa kinga peke yake anaweza kujitengenezea TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Kama mgonjwa wa nyumbani ana TB sugu, dawa ya kinga ni nyingine. Mtoa huduma aambiwe.

Rifapentini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Si damu, usiache dawa. Hupunguza pia nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Isoniazidi nayo inaweza kuleta ganzi miguuni, ambayo hutibika kwa vitamini B6. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukitapika mfululizo, simamisha dawa na uende zahanati siku hiyohiyo. Uraka na gongo viachwe hadi dozi iishe, kwa sababu pombe na isoniazidi vyote hulielemea ini.