Kabla hujajaza fomu ya sosholojia au saikolojia

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, waliomaliza kidato cha sita, wengi wao wa michepuo ya HGL na HKL (Historia na Kiingereza, pamoja na Jiografia au Kiswahili), hunifuata na swali lilelile: "Mwalimu, nichukue sosholojia au saikolojia?" Nafundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa kozi zote mbili, kwa hiyo jibu langu lina upendeleo. Vyovyote utakavyochagua, kazi kubwa ya miaka yako mitatu itakuwa kumuuliza mtu swali, kisha kupima kama jibu alilokupa linaweza kubeba hitimisho unalotaka kulitwisha.

Tofauti yenyewe haina mambo mengi. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills aliieleza mwaka 1959 kwa mfano wa ajira. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, mtazame yeye: tabia yake, ujuzi wake, nafasi zilizo mbele yake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, kumchunguza mmoja mmoja hakutakupa jibu. Mwanasaikolojia atataka kujua kukaa bila kazi kunamfanya nini Juma, usingizi wake, hasira zake, anavyojiona mbele ya watoto wake. Mwanasosholojia atauliza kwa nini kina Juma wamekuwa wengi hivi, na mbona wengi wao wametoka familia za hali moja. Idara hizi mbili wakati mwingine hudharauliana. Ugomvi wa ndugu, msiuingilie.

Aliyekuja saikolojia akidhani atafundishwa kusoma mawazo ya watu huvunjika moyo muhula wa kwanza. Aliyekimbilia sosholojia kukwepa hesabu hukutana nazo mbele ya safari: wastani, sampuli, uwezekano, majedwali ya kompyuta. Sapu, yaani mitihani ya marudio, nyingi ninazosahihisha ni za takwimu. Lakini takwimu hujifunzika. Kigumu zaidi ni kile kinachotokea kabla namba hazijaingia kwenye kompyuta.

Mwanafunzi anakwenda fildi na dodoso. Anamkuta mama ntilie akigeuza chapati, anamsalimia vizuri, anauliza: "Mama, unaridhika na maisha yako kwa kiwango gani?" Ana visanduku vitano, kutoka "siridhiki kabisa" hadi "naridhika sana". Mama anajibu, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu." Sasa weka tiki wapi? Wengi wanaweka cha nne, wanasonga. Lakini jibu lile linaweza kutoka kwa mtu aliyeuza sahani zote jana, na linaweza kutoka kwa aliyefiwa wiki iliyopita; ni adabu ya kumjibu mgeni. Mwanafunzi mzuri anavuta kigoda, ananunua chai, anauliza biashara ya wiki hii ikoje ukilinganisha na ya wiki iliyopita.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya kazi ya namna hiyo hapa jirani. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na mkalimani wake, akiangalia mtoto anavyomng'ang'ania mama na anavyompokea akirudi. Watoto wa Kiganda walimlaki mama kwa kupiga makofi. Baadaye alifuatilia watoto wa Baltimore, Marekani. Wale walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka, hivyo nyumbani hawakuonyesha wasiwasi kama wale wa Uganda. Ndipo, ili auone wasiwasi huo, akaandaa chumba kigeni kwa mtoto, na mama akawa anatoka kwa dakika chache. Kipimo hicho cha Baltimore ndicho kinachojaa vitabuni. Vijiji vya Buganda hupata aya moja, tena si kila kitabu.

Msomapo matokeo, ulizeni walioulizwa ni kina nani. Jaribio maarufu la Marekani humwachia mtoto kitu kitamu na kumwambia akisubiri atapata cha pili. Mtafiti Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa miaka minne, Wajerumani na wa jamii ya Nso huko Kamerun, ambao waliwekewa andazi dogo. Asilimia 28 hivi ya Wajerumani walisubiri. Kwa Wanso ilikaribia 70. Ukiwa umesoma majaribio ya Marekani peke yake, ungekuwa na picha nyingine kabisa ya subira ya mtoto.

Kuhusu ajira niseme wazi: shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtaalamu wa tiba. Ili utibu watu utahitaji masomo zaidi na mazoezi chini ya usimamizi, na Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Wahitimu wengi niliowafundisha wako ustawi wa jamii, rasilimali watu, mashirika ya maendeleo, na kampuni za utafiti wa soko.

Ukienda kukagua chuo, usiishie kwenye vipeperushi. Omba kuona ripoti za utafiti za wanafunzi wa mwaka jana, fungua sura ya tatu, ile ya mbinu. Soma tatu au nne. Ukikuta zimenakiliwa neno kwa neno, zimebadilishwa jina la wilaya tu, peleka fomu yako kwingine.