Ngege Mgumu wa Ndoano: Yanayosemwa Mwaloni na Yaliyoko Majini

Nenda mwalo wa Masese au Ggaba, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, jioni, mahali ambapo Msoga, Mjaluo wa Busia na Mkongomani aliyevuka kwa Ntoroko hukutana kwa Kiswahili, utakuta ubishi ni uleule. Ngege (sato) wapo, wanaonekana wakigeuka pembeni mwa mafunjo, lakini ndoano hawashiki. Kila mtu ana sababu yake na kila mtu ana chambo chake cha kuapia. Nyingi ya sababu hizo zimeazimwa kutoka kwenye uvuvi wa mputa (sangara), au ni za ziwa lilivyokuwa enzi za mababu. Ukizileta kwa ngege wa leo zinakupoteza, kwa sababu ngege anayeitwa mgumu mara nyingi ameshakionja chambo chako na kukitema kabla hujajua kama amefika. Haya nawaandikia wenye ufito na mshipi. Wa nyavu wana mambo yao.

"Ngege hula mwani tu, ndoano haimhusu"

Dhana hii ina ukweli, ila ni ukweli uliopitwa na wakati. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, aliishi kwa kuchuja mwani mdogomdogo majini, na kumpata kwa ndoano ilikuwa kazi kweli. Huyo sasa karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Alivuliwa kupita kiasi, kisha wakaja wageni wakamsukuma pembeni, na mabaki yake yako kwenye viziwa vidogo vya upande wa Kyoga na Koki. Samaki tunayemnunua leo kwa jina la ngege kwa kawaida ni Oreochromis niloticus, mwenyeji wa maziwa ya Albert, Edward na George, aliyepandikizwa Victoria katika miaka ya 1950. Huyu hachagui kama yule.

Mwani anaula, hilo halina ubishi. Watafiti waliofanya kazi Ziwa George miaka ya 1960 na 1970 waligundua kwamba tumbo lake hutoa asidi kali ajabu, pH (kipimo cha asidi, kikishuka ukali unazidi) ikifika karibu 1.4, na asidi hiyo ndiyo inayovunja mwani wa kijani-samawati ambao samaki wengi hawauwezi. Lakini Ziwa George lina kina cha wastani cha mita 2.4 tu na maji yake ni ya kijani mwaka mzima. Kule kula mwani ni kula kilichopo mezani. Kwenye Victoria mambo yaligeuka baada ya mputa kuwafyeka nkejje, wale samaki wadogo waitwao pia furu. Matumbo ya ngege yaliyopasuliwa tangu hapo yamekutwa na wadudu, mabuu ya visubi wanaopaa kwa mawingu juu ya ziwa, mabaki ya mimea, hata samaki wadogo.

Kwa hiyo tazama maji kwanza, chambo baadaye. Kwenye ghuba ya kijani kama ile ya Murchison pale Ggaba, ngege amezungukwa na chakula laini, na mara nyingi kinachomshawishi ni kitu cha jamii hiyo: donge la posho (ugali) lililokandwa mpaka likashikana, chapati iliyolowekwa kidogo, au nyuzi za mwani zilizobanduliwa kwenye mawe na kuzungushwa kwenye ndoano. Huo mwani wa kuzungushia watu huudharau, nami nauweka mbele ya posho. Penye mawe na maji yanayopitisha macho, au kando ya mto, nyungunyungu anarudi kuwa mfalme.

"Chambo kikubwa, samaki mkubwa"

Hii ni kanuni ya mputa, na kwa mputa ni sahihi. Yeye humeza, hivyo nkejje mzima au kambare mchanga kwenye ndoano ni tonge moja tu. Ngege hali hivyo. Mdomo wake ni mdogo kwa mwili wake, na hafungui taya akauma. Anavuta maji kwa ghafla, chambo kinaingia pamoja na maji hayo, anakipima, na kisichompendeza anakipuliza nje. Mambo yote hayo hayamalizi sekunde moja.

Sasa fikiria nyungunyungu mzima anayening'inia kwenye ndoano. Ngege anavuta mkia, mkia unakatika, ndoano haijamgusa hata mdomo. Mvuvi anasema amekataa chambo, kumbe amekila. Kata kipande kisichozidi punje ya mhindi, kifunike ndoano kuanzia ncha, basi. Ndoano yenyewe iwe namba 10 hadi 14, na usisahau kwamba namba ikipanda ndoano inapungua, maana wapo wanaoomba namba kubwa dukani wakidhani wanaongeza. Maduka mengi ya mwaloni hujaza ndoano za kutegea mputa, kwa hiyo ndogo hizi inabidi kuziulizia.

Mshipi nao una kesi hapa. Uzi mnene hauogopeshi samaki kwa sababu anauona tu. Shida kubwa ni kwamba ni mgumu na unakishikilia chambo. Ngege anavuta, punje ya mwani iliyo pembeni inaingia mdomoni, chambo chako kinabaki nje kimeng'ang'aniwa na uzi. Nailoni ya milimita 0.16 hadi 0.20 inamtosha ngege wa kilo moja, mradi hukurupuki na humvuti kwa nguvu.

Vijana hutazama kwenye simu video za Wamarekani na Wakanada waliokaa juu ya ziwa lililoganda, wakivua kupitia tundu la barafu, na chambo chao ni funza mmoja kwenye ndoano ndogo kuliko ukucha. Wanacheka: mtu mzima, koti zito hivyo, kafunza kamoja! Lakini wale wazee wa barafu wanajua wanachofanya. Samaki wao wadogo bapa, kama bluegill, wako kwenye maji ya nyuzi 4 hivi. Mwili umepunguza kasi, hawahitaji chakula kingi wala hawakifuati mbali. Wetu wako kwenye nyuzi 25, hawana baridi yoyote, ila wameshiba. Sababu ni tofauti na dawa ni ileile: kitu kidogo, chepesi, kinachoingia mdomoni bila kupingwa. Ule mtindo wao wa kukitikisatikisa chambo siuchukui. Huku ukitikisa sana, wa kwanza kufika ni nkejje, nao hawakuachii kitu.

"Boya halikuzama, basi hakuna samaki"

Kama ningeruhusiwa kuifuta dhana moja tu mwaloni, ningeifuta hii. Boya la kawaida letu ni kipande cha kandambili kilichokatwa kwa wembe, kikubwa kama kiberiti. Kwa mputa sawa. Kwa ngege, boya hilo lina nguvu ya kuelea kuliko mvuto wake wote. Anavuta, boya linakataa kushuka, chambo kinamkwama midomoni, anatema. Juu ya maji hujaona hata wimbi. Baada ya nusu saa unavuta mshipi, ndoano tupu, unawasingizia nkejje. Ni kweli nkejje huiba, tena sana, lakini wanabebeshwa na makosa yasiyo yao.

Boya la ngege liwe jembamba na lisimame. Kijiti kikavu cha mafunjo kinafaa. Bora zaidi ni shina la unyoya mkubwa, na Kampala hilo halinunuliwi, maana kaloli, wale korongo wakubwa, huangusha manyoya kila penye jalala. Funga chubwi (vizito vya kuzamisha mshipi) ndogondogo, moja moja, mpaka boya lizame na kubaki ncha tu juu ya maji, sentimita moja au pungufu. Watu huona uvivu kufanya kazi hii ya kupima. Ndiyo hiyo inayotofautisha ndoo yenye samaki na ndoo kavu, kuliko chambo chochote unachokijua.

Boya likishapimwa hivyo, litakwambia mengi. Kuzama ni ishara moja tu, tena si ya mara kwa mara. Lipo la kuteleza pembeni polepole kinyume na upepo. Lipo la kusimama ghafla wakati mawimbi yanalipeleka. Na lipo linalowachanganya wengi: boya linainuka, au linalala chali. Hapo chubwi ya mwisho ilikuwa imekaa karibu na ndoano. Ngege ameinua chambo kutoka chini, uzito umeondoka kwenye boya, nalo limepanda. Wengi hungoja lizame ndipo wavute. Kufikia hapo ameshatema.

Namna ya kuvuta nayo si ya mputa. Ukikwanyua kwa bega zima, ndoano ndogo inatoka au inachana mdomo. Inua kiganja tu, kama unayeangalia uzito, halafu shikilia.

Na kabla ya kubadilisha chambo, badilisha kina. Pima chini kwa chubwi, anza shubiri moja juu ya tope, ukikosa panda nusu mita. Nimeona watu wakipitia nyungunyungu, posho, chapati na senene kwenye kina kilekile kisicho na samaki, kisha wakalaumu ziwa.

"Alfajiri ndiyo saa ya samaki"

Ya samaki gani? Kambare na kamongo huvuta hewa ya juu na hupenda giza, hao wavue usiku. Ngege ni wa mchana. Kule Ziwa George iligundulika kwamba huanza kula kunapokucha, na asidi ya tumboni huanza kutoka anapoanza kula, kwa hiyo mwani wa kwanza wa asubuhi hupita tumboni ukiwa karibu mzima. Usagaji hukolea jua likiwa juu.

Kuna na jambo la hewa. Kwenye ghuba yenye mwani mwingi au gugumaji, usiku kucha kila kiumbe kinavuta oksijeni na hakuna jua la kuitengeneza upya. Kiasi chake kinafika chini kabisa kabla tu ya mapambazuko. Ngege huvumilia kuliko mputa, lakini kuvumilia si kula kwa hamu. Maeneo ya namna hiyo mimi ningefika saa tatu asubuhi na kukaa mpaka saa tano. Penye ufuko wazi unaopigwa na mawimbi hewa haipungui hivyo, na hapo alfajiri ni sawa tu. Jua likiwa la utosi, sogea penye kivuli cha mafunjo au kina zaidi, usifunge virago.

"Mvua ikinyesha, ngege wanakula ovyo"

Mvua ya kwanza ya msimu, ndiyo. Inasomba wadudu, na baada yake kumbikumbi wanaruka. Kumbikumbi mmoja bila chubwi, akielea kando ya mafunjo, ni chambo ambacho ngege mwenye maringo hukisahau kukitilia shaka. Dhoruba kubwa ni habari nyingine. Upepo mkali huyapindua maji, yale ya chini yasiyo na hewa yakapanda. Mwanzoni mwa 2021 mputa walikufa wakaelea kwa wingi Victoria na Kyoga, na maofisa wa uvuvi walitaja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Siku kama hizo hakuna chambo kitakachokusaidia.

"Kuna dawa ya kuchanganya na chambo"

Ipo ya kumnufaisha muuzaji. Ngege ana pua na ulimi mzuri, ndiyo maana mkono uliotoka kushika petroli ya injini au sabuni unaharibu posho safi. Nawa kwa maji ya ziwa na tope. Kinachovuta samaki kweli ni kuwatupia kidogo: pumba za mahindi zilizofinyangwa na tope, donge la ukubwa wa yai, tena baada ya muda. Ukimwaga sufuria nzima umewashibisha, na ulikuja kuvua walioshiba tayari.

"Nyamazeni, mtafukuza samaki"

Sauti ya mdomo karibu yote hugonga uso wa maji ikarudi juu. Ongeeni. Kisigino kwenye sakafu ya mtumbwi ndicho kinachosikika chini, pamoja na kasia linalogonga ubao, na kivuli chako kikitangulia mbele kwenye maji ya kina kifupi. Kaa nyuma ya mafunjo, lakini usiingie majini mpaka magotini kuwafuata: kichocho kipo Victoria na kipo Albert, na kwenye mfereji wa Kazinga, kati ya maziwa ya George na Edward, kuna wenye meno, yaani mamba.

"Anayekataa kila kitu hajapata tu chambo chake"

Yupo asiyeweza kula. Ngege jike hubeba mayai na kisha vitoto mdomoni, kwa wiki mbili hivi, na muda huo karibu hali kitu. Ukiona mashimo ya mviringo kwenye mchanga wa kina kifupi, na samaki mmoja mweusi-mwekundu akizunguka kila shimo, hao ni madume wanaolinda. Dume ataibeba chambo yako kuitoa nje ya shimo, boya litateleza hatua moja na kurudi, nawe utadhani unachezewa. Sogea mita ishirini kuelekea kwenye maji ya kina, kwa wanaokula. Na ukimpata aliye chini ya inchi 11, sheria inataka arudi ziwani. Kwa ndoano ndogo iliyoshika mdomo wa juu, kumtoa ni kazi ya vidole viwili.